Jengo Linalopoa Usiku

Jamaa za Lubumbashi na Likasi wanavijua vichuguu vikubwa vya udongo mwekundu, vinavyopita paa la nyumba kwa urefu. Udongo wake hufanywa matofali. Lakini ni wachache waliowaza kwamba kichuguu chaweza kumfundisha mtu kujenga ghorofa katikati ya mji. Jambo hilo lilitendeka Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, na huko twawaongoza leo.

Jengo hilo huitwa Eastgate. Lilifunguliwa mwaka 1996. Aliyelichora ni Mick Pearce, akisaidiwa na mainjinia wa Arup. Ni majengo mawili ya ghorofa tisa yanayosimama sambamba, na kati yao pana njia ndefu iliyofunikwa kwa kioo. Chini mna maduka, juu mna ofisi. Tukiinua macho njiani twaona madaraja ya chuma yanayounganisha pande mbili. Juu ya paa zimepangwa dohani 48. Madirisha si makubwa, na vizuizi vya saruji vinayatia kivuli.

Pearce alitakiwa jambo gumu: jengo kubwa lisilotegemea mashine za kutia baridi, maana mashine hizo ni ghali, na vipuri vyake hutoka ng'ambo. Basi akautumia usiku wenyewe. Harare uko karibu meta 1,500 juu ya bahari, na usiku wake una ubaridi. Usiku mapepeo ya umeme huvuta hewa baridi na kuipitisha chini ya sakafu, nayo saruji hupoa kama mtungi wa maji. Mchana hewa hupita pole pole katika saruji hiyo, huingia vyumbani kwa chini, hupashwa joto na watu na taa, hupanda, kisha hutoka kwa dohani. Kwa hesabu ya mainjinia, jengo hutumia nguvu pungufu kwa 35 kwa mia kuliko wastani wa majengo sita ya Harare yenye mashine.

Mwaka 2008 wataalamu J. Scott Turner na Rupert Soar walionyesha kwamba mchwa hawapoozi kiota chao kwa namna iliyodhaniwa zamani. Kichuguu hupumua zaidi kwa msukumo wa upepo, kama pafu. Hata hivyo jengo lafanya kazi yake. Mfano ulikuwa na kasoro, lakini ulimfanya mjenzi autazame upepo, jua na usiku wa nchi yake.

Tusidhani kwamba dawa moja yaponya kila mahali. Kisangani, penye usiku wa joto, saruji haipati baridi ya kuweka akiba. Lakini swali ni letu sote. Nyumba ya kioo kitupu hudai mashine. Mashine hudai umeme. Umeme ukikatika, wapangaji hubaki katika tanuru, na bado kodi wanalipa. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi, baba na mama wamwulize fundi: jua la alasiri litapiga ukuta gani? Upepo utaingia wapi, utatoka wapi? Mti gani utabaki usikatwe? Maswali hayo hayana gharama, na mwenda bure si mkaa bure.