Pumzi ya Gari, Vumbi la Ijara

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii imeandikwa katika insha nyingi za shuleni hata imekaribia kupoteza makali yake. Hata hivyo, katika mji wa Masalani, makao makuu ya Ijara kusini mwa Kaunti ya Garissa, yuko mzee mmoja dereva ambaye hakuisoma darasani. Aliisoma ndani ya injini ya pikapu yake, na karo aliyolipa ilikuwa mitamba mitano pamoja na jambo jingine lisilopimika kwa mifugo.

Ijara imepakana na Mto Tana upande wa magharibi, Lamu upande wa kusini na nchi ya Somalia upande wa mashariki. Kwa kuwa haiko mbali sana na bahari, hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine za Garissa, na mvua ikinyesha udongo wake mweusi huyanasa magurudumu kama gundi. Lakini ifikapo jilaal, kiangazi kikali kinachotangulia masika katika kalenda ya wafugaji wa Kisomali, udongo uo huo husagika ukawa unga. Gari moja likipita, la nyuma yake hupita ndani ya wingu. Katika mazingira kama hayo pikapu ya dizeli si pambo la tajiri. Ndiyo inayobeba mbuzi kwenda mnadani, ndiyo inayorudi na magunia ya unga na mapipa ya maji, na usiku ndiyo ambulensi inayomtoa mgonjwa Sangailu au Hulugho na kumfikisha hospitali ya Masalani. Ni kweli kwamba barabara ya lami kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa imo katika mradi wa LAPSSET uliozinduliwa mwaka 2012, lakini mgonjwa hatoki kando ya lami. Hutoka vijijini, na njia za vijijini ni za vumbi.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba gari nalo hupumua. Mwenye gari huhesabu lita za dizeli kwa sababu huzilipia. Hewa haihesabu kwa kuwa ni ya bure. Ilhali kila lita moja ya dizeli, ili iungue sawasawa, huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza mapipa 50 ya lita 200. Hewa hiyo yote huvutwa kupitia mlango mmoja, na mlinzi wa mlango huo ni chujio: karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, ikazungushiwa wavu wa bati na kutiwa mpira nchani. Mlinzi huyo akizembea, vumbi huingia. Na vumbi hilo si uchafu tu. Ndani yake mna chembe za kwatzi, madini ya mchanga yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida. Zikishapenya, huchanganyika na oili na kukaa baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na hapo kila mzunguko wa injini huwa ni msasa unaopita juu ya chuma.

Neno chujio tumelizoea zaidi jikoni. Chujio la chai likitoboka, mwenye kikombe hujua papo hapo, kwani majani humjia mdomoni akayatema. Injini haina ulimi wa kutemea. Humeza kimya kimya, na siku ikilalamika, ugonjwa huwa umekwisha kukomaa.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilisababisha mafuriko katika eneo hilo, na mbu wakazaana kwa wingi. Desemba mwaka huo homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa Garissa, na Ijara nayo haikusalimika. Watu walikufa, mifugo ikafa na kuharibu mimba, na serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa mifugo na kufunga minada. Pikapu iliyoishi kwa kubeba mbuzi ikakaa bila mzigo. Ni katika miezi hiyo ya mwanzo ya 2007 ambapo chujio lake la hewa lilihitaji kubadilishwa. Katika duka moja mzee alionyeshwa mawili: moja la bei ya kawaida, na jingine la nusu ya bei hiyo, katika kasha la rangi ile ile na maandishi yale yale. Alichukua la nusu bei. Haukuwa ujinga wala ubahili. Nyumbani walikuwako watoto waliongoja unga.

Rahisi ghali, walisema wazee wa Pwani. Lakini ghali hiyo haiji siku moja na risiti. Kwanza gari lilianza kula oili. Kisha moshi wa samawati ukaanza kuonekana kwenye ekzosi kila lilipopanda mchanga. Baadaye injini ikawa haishiki asubuhi mpaka vijana walisukume gari. Mzee alijiambia kuwa ni uzee, kwani vyote vilivyo chini ya jua huzeeka.

Usiku mmoja wa jilaal ya mwaka 2008 aliitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi katika kijiji kimoja upande wa Sangailu. Katikati ya safari ya kwenda hospitali gari lilinasa mchangani na injini ikazimika. Ilipowashwa ilizunguka, ikakohoa, ikakataa. Ikajaribiwa tena na tena mpaka betri ikaisha. Waliokuwamo walishuka wakasukuma, lakini mchanga haumpi mtu mahali pa kukanyagia. Walingoja hadi alfajiri, lori la mifugo lilipotokea. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Siku chache baadaye baba wa mtoto alifika Masalani kulipa nauli waliyokuwa wameagana. Mzee aliikataa. Yule baba hakubishana naye. Aliziweka noti juu ya boneti, akazikandamiza kwa kijiwe zisipeperushwe, akatoa salamu ya kuagana, akaenda zake. Hakutamka neno la lawama, na mzee angependa sana alitamke.

Injini ilifunguliwa katika gereji ya fundi mmoja aliyetoka Mwingi. Kabla ya kugusa kitu kingine, fundi alilegeza bomba lililo baina ya nyumba ya chujio na injini.

"Mzee, tia kidole humu," alisema.

Mzee alitia kidole chake, kikatoka na unga mwekundu.

"Fundi, si hapa ni baada ya chujio?"

"Ndiyo, mzee. Hapa hapatakiwi kuwa na kitu. Hii injini haikuzeeka. Imekula mchanga."

Chujio lilipotolewa, mpira wake ulikuwa mgumu kama kwato, haukukaa sawa kwenye ukingo, na karatasi ilikuwa imebanduka gundi upande mmoja kwa upana wa ukucha. Ufa wenyewe ndio huo. Ukuta uliojengwa ulikuwa silinda mpya, pistoni mpya na ringi mpya, nao ndio uliokula mitamba mitano.

Je, chujio ndilo lililomuua mtoto? Mzee hajawahi kusema hivyo. Huenda hata gari zima lingechelewa, kwani njia ni mbaya na usiku ni usiku. Lakini tangu siku hiyo hakubali mtu aseme mbele yake kwamba chujio ni kitu kidogo.

Mwaka huo huo wa 2008 Kenya ilipata Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na baadaye kikaundwa chombo cha kuisimamia. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, sheria haiwezi kusimama kwenye kila kaunta kila siku, na mnunuzi hana budi kuwa na macho yake mwenyewe. Kwa hiyo kila chujio linapofikia mwisho wake, mzee huyu hulisafirisha lile kuukuu ndani ya gunia hadi Garissa, ili liwe kipimo cha jipya.

Safari moja ya miaka ya karibuni alikwenda na mpwawe, kijana ambaye ndiye utingo wake. Mwenye duka, kijana wa Kisomali, alimkaribisha kwa neno adeer, yaani ami, kama ilivyo adabu kwa mtu wa umri wa baba. Akaweka machujio manne kwenye kaunta. La kwanza lilikuwa katika kasha lenye jina la watengenezaji wa gari lenyewe na kibandiko kinachometameta. La pili lilikuwa la kampuni nyingine, katika kasha lisilo na mbwembwe, kwa bei ya chini kidogo. La tatu lilikuwa la bei ya kutupa. La nne lilikuwa la pamba, linalooshwa na kutumika tena miaka na miaka.

La tatu mzee hakuligusa. La nne alilishika, akalirudisha. Chujio la namna hiyo hutaka kuoshwa, kukaushwa na kutiwa mafuta kwa kipimo. Mafuta yakipungua vumbi hupita. "Na maji ya kuliosha," alisema, "huko kwetu ni maji ya mbuzi kunywa."

"Abti, basi chukua hili la wenyewe," mpwa alishauri. Abti ni mjomba, na kijana alikuwa ameshalipenda kasha.

Mzee alilitoa chujio kashani, kwa kuwa kasha haliingii garini. Alilisimamisha kando ya lile kuukuu kupima urefu na upana wa tundu. Vilikuwa sawa. Akabonyeza mpira kwa kidole gumba: ulibonyea kidogo tu, na alama ya gumba ikachelewa kuondoka. Akaitazama mikunjo: mahali pengine ilibanana, mahali pengine ikaachana. Mwisho akaingiza tochi ndani na kuomba mlango wa duka urudishwe. Karatasi yote iling'aa kwa mwanga hafifu, lakini pale ilipoungwa palikuwa na nukta moja nyeupe, kali kama nyota.

Akafanya vivyo hivyo kwa la pili. Mpira ulibonyea ukarudi. Mikunjo ilikwenda kwa nafasi moja kama mistari ya daftari. Tochi haikuonyesha nukta.

Mwenye duka aliichukua tochi, akajionea mwenyewe nukta ile, akanyamaza. Naye aliliuziwa chujio hilo kama la asili na kulilipia bei ya asili, na nyuma yake rafuni makasha ya aina hiyo yalikuwa yamepangana. Hakulirudisha rafuni. Aliliweka chini ya kaunta, na mzee hakuuliza litakwenda wapi. Alilipia la pili.

Hapa pana funzo kwa watu ambao kazi yao ni maneno. Kasha ni maneno. "Halisi", "asili", "orijino" ni maneno, nayo yamechapishwa mara nyingi mno juu ya vitu visivyoyastahili hata hayamlindi tena mnunuzi. Bei nayo ni aina ya neno, kwani bandia hujua kujiuza ghali ili iaminike. Hata tochi ina mpaka wake: huonyesha tundu, lakini haionyeshi kama karatasi yenyewe inaweza kuzuia chembe zisizoonekana kwa macho. Ukweli wa chujio hauko upande unaopokea vumbi, ambao huchafuka hata kama chujio ni zuri. Uko upande wa pili, ambako hakuna anayetazama.

Ndiyo maana mzee hakuridhika kwa kununua tu. Waliporudi Masalani aliipangusa nyumba ya chujio kwa kitambaa kibichi, akausafisha ule ulimi wa mpira wa chini unaotemea vumbi zito, na kulikalisha chujio kwa mikono miwili. Akamkataza mpwawe mazoea ya kulitoa kila wiki na kulipuliza kwa kompresa. Upepo mkali hupasua karatasi matundu yasiyoonekana. Isitoshe, chujio lenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko jipya, maadamu vumbi lililotangulia humzuia mwenziwe anayefuata. Likizidi kujaa hubadilishwa, halichapwi. Na wakiwa njiani, lori likiwa mbele, husimama kando wakaacha wingu lipite, kwani kusubiri nako ni kuchuja.

Wiki iliyofuata walimpeleka Masalani mgonjwa kutoka Hulugho. Walipokwisha kumkabidhi kwa wauguzi, mzee alifungua boneti uani mwa hospitali, akalegeza bomba.

"Abti, tia kidole."

Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo hilo moja. Kijana alitia kidole, akakizungusha, akakitoa na kukitazama kwenye mwanga wa jioni. Kilikuwa safi.

"Hakuna kitu, abti."

"Leo hakuna," mzee alijibu, akiifunga klipu. "Wiki ijayo utatia tena."