Mbizi Huanza Pale Mchezo Unapokoma

Kiswahili kimejaliwa vitenzi vingi vya kuingia majini. Aliyeteleza ametumbukia, aliyekusudia amejitosa, asiyeonekana tena amezama, na akirejea juu ameibuka. Mwenye kufuata lulu huzamia, ingawa siku hizi ukisikia kijana kazamia, huenda yumo katika meli ya watu bila tiketi, anaelekea Ulaya. Kisha ipo mbizi, neno tunalolikimbilia kila Olimpiki zinapowadia.

Neno hilo halinitoshi. Mpiga mbizi ni mtu wa chini ya maji. Twampima kwa pumzi na kwa masafa aliyokwenda bila kuonekana. Mshindani wa jukwaa la mita 10 hupimwa kwa yaliyo juu ya maji. Hewani hakai hata sekunde 2, hufikia maji kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, na yakishamfunika, waamuzi wamekwisha kuona walichotaka kuona.

Aliyenitia katika mashaka haya ni Tom Daley, Mwingereza wa mji wa Plymouth. Alishiriki Olimpiki za Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 14, akawa wa saba. Mwaka uliofuata, mjini Rome, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2011 babaye alifariki kwa uvimbe wa ubongo. Mwaka 2012, mbele ya watu wake London, akapata shaba. Kisha Rio, 2016: katika mchujo aliongoza wote, na siku ya pili, katika nusu fainali, akawa wa 18 kati ya 18.

Nilitaka kuandika kwamba Daley alianguka, kalamu ikagoma. Kwetu mtu huanguka mtihani, huanguka uchaguzi. Lakini katika mchezo huu aliyeshinda naye ameanguka, tena kwa mita zilezile 10. Wote hupanda ngazi ili waanguke. Kinachowatenga ni namna maji yanavyowapokea. Makachu wa Forodhani, Unguja, wakijirusha kutoka ukutani, hutaka chubwi lisikike na maji yaruke mpaka watazamaji wapige kelele. Bwawani, chubwi hilohilo ni alama zinazopotea. Basi nikaandika kwamba siku ile maji yalimkataa Daley. Sijaona kauli iliyo karibu zaidi na ukweli.

Tokyo, katika michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, alijitosa sambamba na Matty Lee. Watangazaji hupenda kusema fulani "ameibuka mshindi", msemo uliochakaa kwa kutumiwa. Hapa nao haukufaa: wawili hao waliibuka kwanza, wakajifuta maji, wakasimama kando kuwangoja Wachina wamalize. Tofauti ilikuwa alama 1.23, na dhahabu ikawa yao. Daley alikuwa na miaka 27, katika Olimpiki zake za nne.

Nami ningali natafuta neno. Chubwi tunayo, na wala haina mpinzani. Tanakali ya mwili uliopenya maji pasi na kuyarusha, kama sindano katika hariri, sijaipata. Mwenye nayo, awe wa Pemba, Lamu au Kilwa, na anidokezee.