Kujifunza PHP Hapa Kambini: Ushauri kwa Wanaoanza

Vijana kadhaa walituomba tuandike juu ya kutengeneza kurasa za intaneti kwa lugha ya PHP, na mwezi huu tumepata nafasi. Sisi si mainjinia. Ni watu wachache tunaofundishana kompyuta katika chumba kimoja hapa kambini. Lakini tumekaa na wanaoanza kwa miaka kadhaa, tumeona nani anafika na nani anakata tamaa, na mara nyingi tofauti si akili. Ni namna ya kuanza.

PHP ni kitu gani?

Ukurasa wa kawaida wa intaneti ni kama tangazo lililobandikwa ukutani: kila anayepita anasoma maneno yale yale. PHP inakaa kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotoa kurasa, na inauandika ukurasa upya kila mtu anapouomba. Ukiweka jina lako, inakusalimu kwa jina lako. Ukiuliza deni lako, inakupigia hesabu yako wewe, si ya jirani.

Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1994. Alitaka tu kujua ni watu wangapi wanaofungua ukurasa wake wenye maelezo ya kazi zake. Mwaka 1995 akaitoa kwa watu wote, na mpaka leo haiuzwi. Wikipedia inaendeshwa na programu iliyoandikwa kwa PHP, na WordPress iliyotoka mwaka 2003 vilevile. Kumbe kitu kikubwa hivi kilianza na haja ndogo ya mtu mmoja! Basi na wewe, mdogo wetu, anza na haja ndogo.

Chagua kitu unachokijua nyumbani

Wengi wakija siku ya kwanza wanasema wanataka kutengeneza Facebook yao. Kuota si vibaya, lakini wiki ya tatu huwaoni tena. Wanaobaki ni wale waliochagua kitu ambacho tayari wanakijua kwa kalamu. Mfano tunaoupenda ni daftari la kikundi cha akiba cha akina mama. Kila wiki mama ananunua hisa, mwandishi anaandika, mwisho wanajumlisha. Hesabu ile ukiielewa kwenye karatasi, nusu ya kazi umeimaliza. Angalia:

<?php
$hisa = 5;
$bei = 500;
$jumla = $hisa * $bei;
echo "Jumla ya wiki hii ni $jumla";

Alama ya dola hapa haihusu pesa. Inaonyesha jina la kopo ambamo unaweka kitu. Kopo la kwanza lina 5, la pili lina 500, la tatu linapokea jibu la kuzidisha, nayo echo inalitoa nje: Jumla ya wiki hii ni 2500. Kila sentensi inafungwa kwa nukta na mkato. Alama za kunukuu ziwe mbili juu. Ukitumia moja moja, itakuandikia neno $jumla lenyewe badala ya 2500. Na mmeona kwamba majina ya makopo ni ya Kiswahili? PHP haikatazi.

Hapo endelea pole pole. Kwanza echo, kisha makopo, kisha fomu ambayo mtu anajaza hisa zake, kisha kurudia hesabu kwa wanachama wote, kisha kuhifadhi kwenye faili. Databesi ije mwisho. Anayeruka hatua atarudi tu.

Bila intaneti inawezekana

Hili watu hawaliamini, lakini ni kweli. PHP inakaa ndani ya mashini yako. Mtu mwenye flashi anaweza kukuletea XAMPP, ambayo ina seva, PHP na databesi pamoja. Mashini ikiwa dhaifu, PHP peke yake inatosha, kwa sababu tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012 ina seva ndogo ya kujifunzia. Ingia kwenye folda yako kwa dirisha la amri, andika php -S localhost:8000 (hiyo S iwe kubwa), halafu kwenye brauza fungua http://localhost:8000 ukiongeza mkwaju na jina la faili lako.

Hapo wengi wanakwama kwa mambo mawili. La kwanza, wanabofya faili mara mbili kama wanavyofungua picha. Hapana! Faili la PHP lazima lipitie kwenye seva, la sivyo hesabu haifanyiki. La pili, Windows inaficha mkia wa jina la faili, kwa hiyo unadhani umehifadhi akiba.php, kumbe ni akiba.php.txt. Weka Windows ikuonyeshe mikia yote.

Ukipata intaneti hata saa moja, usiimalize kwenye video. Pakua mwongozo rasmi wa PHP, uuhifadhi. Upo kwa Kiingereza na pia kwa Kifaransa, kwa hiyo ndugu zetu waliosoma Kongo au Burundi wasijione wameachwa nyuma.

Daftari na kalamu kwanza

Mashini ni chache na watu ni wengi. Umeme nao mnaujua wenyewe. Kwa hiyo anayekuja kufikiria mbele ya mashini anapoteza zamu yake. Andika programu nyumbani kwenye daftari, kisha ucheze wewe ndiye kompyuta: weka kidole kwenye mstari wa kwanza, andika pembeni kila kopo lina nini, shuka mstari wa pili, badilisha. Ukifika mwisho na jibu si sahihi, kosa utaliona kabla ya kuwasha kitu. Na usinakili kwa mwenzako mistari usiyoweza kuieleza. Tunawauliza wanafunzi, "Mstari huu ukiufuta, nini kitaharibika?" Asiyejua anarudi kwenye daftari.

Kosa si aibu

Mashini ikiandika maneno mekundu au ya Kiingereza, wengine wanaifunga haraka kama waliovunja kitu. Haijavunjika. Soma. Ujumbe unataja faili na namba ya mstari. Ukiona Parse error, mwandiko haukueleweka. Mara nyingi nukta na mkato imesahauliwa kwenye mstari wa juu ya ule uliotajwa. Ukiona Undefined variable, umetaja kopo ambalo hujaweka kitu ndani yake, na mara nyingi ni herufi tu: $Hisa na $hisa ni makopo mawili tofauti. Usipojua kopo lina nini, andika var_dump($hisa), nayo itakufunulia.

Angalia pia vitabu vya zamani. Tunashukuru kwa vitabu vya msaada, lakini vingi ni vya miaka ya 2000. Kikikufundisha mysql_connect, ujue amri hiyo iliondolewa kwenye PHP 7 mwaka 2015. Sehemu za makopo na za kurudia hesabu zinafaa bado, soma tu. Ukifika kwenye databesi, kiweke kando, ujifunze PDO.

Majina ya watu ni watu

Hapa tunaomba msome taratibu. Siku programu yako itakapoanza kuhifadhi majina, umeshika kitu kizito. Kati yetu wapo waliokimbia usiku, na wapo wasiotaka fulani ajue wanaishi bloku gani. Orodha ya majina ikivuja, hatujui itafika kwa nani.

Kwa hiyo kwanza, usihifadhi usichohitaji. Daftari la akiba halihitaji namba ya kadi ya mgao wala kijiji mtu alikotoka. Pili, usiamini kinachoandikwa kwenye fomu. Mtu mjanja anaweza kuweka amri ya databesi mahali pa jina, na programu iliyoandikwa ovyo itaitii na kumwonyesha kila kitu. Ukitumia PDO na prepare, anachoandika kinabaki kuwa maneno tu, hakigeuki kuwa amri. Tatu, kabla ya kuonyesha jina kwenye ukurasa, lipitishe kwenye htmlspecialchars, ili mtu asipenyeze msimbo wake ndani ya ukurasa wako. Nne, maneno ya siri yasihifadhiwe wazi. Tumia password_hash, ambayo ipo tangu mwaka 2013. Mambo haya vijana wengi wanasema watayajifunza baadaye. Sisi tunasema, asiyeyajua bado atumie majina ya kubuni, asiguse majina ya kweli.

Neno kwa wazazi

Mzee mmoja alituuliza, "Sasa hii mashini italeta unga?" Ni swali la haki. Hatuwezi kumwahidi mtu kazi. Sheria za kazi kwa wakimbizi si sawa katika kila nchi, na hata kupokea malipo kunataka karatasi ambazo wengi hatuna. Lakini ujuzi huu haubaki nyuma siku ya kuhama. Awe anarudi nyumbani, awe anapelekwa nchi ya tatu, awe anabaki hapa, kijana anaondoka nao kichwani.

Tunawaomba jambo moja, akina baba na akina mama. Wasichana wanaanza wengi, kisha wanapungua, na si kwa kushindwa. Zamu ya mashini inagongana na foleni ya maji na kupika. Kama binti yako ana zamu siku mbili kwa wiki, mpeni saa hizo mbili kaka yake achote maji. Tumewaona mabinti waliopewa saa hizo, na sasa wao ndio wanaoelekeza wengine.

Zoezi la mwezi

Anayetaka kuanza asingoje mashini. Chukua karatasi, andika kwa PHP hesabu ya unga wa nyumbani kwenu: kopo la idadi ya watu, kopo la unga anaokula mtu mmoja kwa siku, kopo la siku zilizobaki kabla ya mgao, halafu echo iseme mtahitaji unga kiasi gani. Cheza kompyuta kwa kidole chako mpaka jibu litoke sawa. Kisha mlete karatasi hizo chumbani kwetu, tutaziandika pamoja kwenye mashini. Karibuni sana.