Mstaafu Aliyeirudia Saksofoni

Alipostaafu kutoka bendi ya polisi mjini Kampala, sajini mmoja alirudisha ghalani sare, buti na saksofoni aliyoipuliza kwa miaka 18. Vyote vilikuwa mali ya serikali. Alitia sahihi daftarini, akahamia Jinja kulima na kufuga. Miaka 15 ikapita bila midomo yake kuigusa ala hiyo. Lakini kila bendi ilipopita barabarani siku ya sherehe, vidole vyake vilichezacheza juu ya paja.

Alipotimiza miaka 61, alimwarifu mkewe kwamba angependa kununua saksofoni mpya. Mama huyo, aliyelea watoto sita katika chumba kimoja cha kambini, hakumkejeli. Alileta daftari la matumizi, akaliweka mezani.

"Baba Watoto, fedha hizi ni ada ya kitinda mimba wetu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Tafuta chombo kisichoigusa ada, nami nitakuwa pamoja nawe."

Mzee akatafuta. Mwishowe alipata ala kuukuu iliyosahauliwa juu ya kabati la mwanamuziki mmoja, akailipia kwa kuuza mbuzi wawili. Usiku ule, katika chumba chenye giza, aliteremsha tochi ndogo ndani ya bomba lake. Palipopenya mwanga chini ya kifuniko, ndipo pumzi ilipovuja. Kati ya vifuniko vyake zaidi ya 20, vinne tu vilikuwa vimechakaa ngozi. Fundi akatengeneza hivyo vinne, vingine akaviacha.

Hasara iliyofuata ilitokana na majivuno. Mzee alinunua ndimi za mwanzi namba 3, zile ngumu alizozizoea kazini. Hazikutoa ila upepo, na wajukuu wakacheka hadi machozi. Midomo isiyofanya mazoezi hulegea kama miguu ya askari aliyeacha gwaride. Ikambidi anunue tatu za namba 2, zilizo laini, na kuanza upya kama kuruta: noti moja ndefu, dakika 15 kila jioni, akipuliza kuelekea nguo zilizotundikwa ukutani ili asiwaudhi majirani. Ndimi hizo alizitumia kwa zamu, akazifuta na kuzilaza juu ya kioo zikauke bila kupinda.

Mbelgiji Adolphe Sax, aliyepata hati ya uvumbuzi wa ala hii nchini Ufaransa mwaka 1846, alikusudia sauti itakayosikika vyema katika bendi za majeshi uwanjani. Kuipuliza kwa sauti ya chini, chumbani, ni kazi ngumu zaidi. Na ndiyo aliyojifunza mzee huyu uzeeni.

Ada ya mtoto ililipwa kwa wakati wake. Mwezi wa nne, jioni moja, mkewe alikuwa uani akichagua mchele aliposikia wimbo waliokuwa wakiucheza zamani katika mesi ya kambi, Jumamosi usiku. Ulikatika mara mbili. Safari hii wajukuu hawakucheka.

Mama akaweka ungo chini, akasogea mlangoni.

"Rudia, Baba Watoto," akasema. "Anzia pale ulipokosea."