Wingu na Daftari la Chai

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii ilizaliwa zamani za kalamu na wino, walakini nguvu yake haijapungua katika siku hizi, ambapo daftari lenyewe linahama dukani na kwenda kukaa mahali panapoitwa wingu.

Katika Wilaya ya Rungwe wingu si mgeni. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 3,000, hujifunika mawingu mara kwa mara, na mji wa Tukuyu husifika kwa mvua ilishayo chai, ndizi na maparachichi. Lakini wingu la kompyuta halina mvuke wala umande. Ni nyumba yenye mashine nyingi, aghalabu katika nchi ya mbali, ambayo mwenyewe hukodisha nafasi kwa wenye haja. Tarehe 10 Machi 2021 nyumba ya namna hiyo, mali ya kampuni ya OVHcloud, iliungua moto katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliweza kurejea kazini. Baadhi ya wale wasiokuwa nayo walipoteza kumbukumbu zao kabisa. Kosa la kwanza la wahamiaji, basi, ni kudhani kuwa kilichopanda juu hakiwezi kuanguka.

Itazamwe biashara ya chai. Mkulima mdogo huchuma majani mabichi, huyapeleka kituoni, yakapimwa, na kilo zake zikaandikwa. Majani hayo hayastahimili kulala. Yapasa kufika kiwandani, mathalan cha Katumba, siku ile ile. Yakisha kusagwa na kukaushwa pamoja na ya wengine, hapana awezaye kutambua yepi ni ya nani. Kilichobaki cha mkulima ni tarakimu tu. Tarakimu hiyo ndiyo ada ya mtoto, ndiyo mbolea ya msimu ujao, ndiyo dawa ya mgonjwa. Mwenye kuihamisha huhamisha jasho la mtu.

Kwa sababu hiyo yampasa kuhesabu kabla ya kuhama. Mkulima aliyeandikwa mara mbili katika karatasi ataandikwa mara mbili winguni, kwa maana uchafu hautakati kwa kubadilishiwa chombo. Kisha apime njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Chai haingoji bahari itengenezwe. Karani awezaye kuandika kilo katika simu pasipo mtandao, kisha akazipeleka mtandao urudipo, kazi yake husimama imara. Asiyeweza hubaki na foleni ya watu na vikapu, akikumbuka kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka.

Gharama nazo zina mtego wake. Mwenye wingu hutoza kwa kadiri ya matumizi, na mara nyingi hutoza kwa dola, hali mkulima hulipwa kwa shilingi. Mashine iliyosahauliwa ikiwaka huendelea kula fedha usiku na mchana, na bandu bandu huisha gogo. Tena kuingiza kumbukumbu huwa rahisi. Kuzitoa huweza kuwa na ada na taabu. Mwenye busara huuliza habari za mlango wa kutokea kabla hajaingia.

Ufunguo pia una mwenyewe. Mwenye nyumba hulinda kuta, na mpangaji hulinda mlango wake. Katika biashara nyingi ndogo akaunti hufunguliwa na kijana mmoja kwa jina lake na simu yake. Siku akiondoka huondoka na ufunguo. Wala kukodi hakumwondolei mtu dhima ya siri za wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti hata kwa kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Haya yote hayamzuii mtu kuhama. Karatasi nayo ina maadui: panya, unyevu, moto, na mkono mwovu unaofuta 6 na kuandika 9. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Madaftari mawili na yaende sambamba kwa msimu mmoja. Kila mwezi wachaguliwe wakulima wachache, hesabu zao zilinganishwe. Na nakala ya akiba irejeshwe kwa majaribio kabla ya siku ya msiba, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Mkulima hana haja ya kujua tarakimu zake zinalala nchi gani. Haja yake ni kwamba akisimama mbele ya karani na kuuliza kilo zake, ajibiwe kweli. Biashara iwezayo kumjibu, mtandao ukiwapo au usipokuwapo, imehama salama.