STAA WA BONGO MUVI AKWAMA KIFARANSA MBELE YA MAMA MKWE!

Yule staa wa Bongo Muvi mwenye mchumba wa Kinshasa kajifunza Kifaransa kwenye simu miezi mitatu, halafu akaenda kumwambia mama mkwe "je suis faim". Mama akabaki kamtolea macho. Kwa Kifaransa huwi njaa, unakuwa nayo: "j'ai faim", nina njaa. Hata umri ni "j'ai 29 ans", nina miaka 29. Dada alipitia Kiingereza wakati Kiswahili chake kilimtosha kabisa jamani! Hiyo ilipita kwa kicheko. Iliyouma ni kumwita mama wa watu "tu" badala ya "vous", sawa na kumkazia mkweo "wewe" bila hata shikamoo. Safari ya kuleta posa imesogezwa mbele, na dada sasa anafundishwa na Mkongo mmoja hapo Kinondoni.