Ampli na Bafle: Tununue Nini kwa Orkestra Yetu?



Tangu tumalize kukusanya feza za vyombo, habari ni moja tu kila pahali shuleni: ampli gani? Wa gita la solo wanataka ile kubwa ya wati 200. Wa korali wanaogopa sauti zao zitafunikwa. Wengine wanasema tununue ya dijitali, sababu ndani yake mna sauti za ampli makumi. Mimi napiga besi, na kiisha Egzamen ya Serikali nitaondoka hapa Kindu. Chombo kitabaki na ninyi wadogo wetu, ndiyo maana ninaandika. Feza hizi zimetoka kwa wazazi wanaouza mpunga na mafuta ya mawese. Hatutawaomba mara ya pili.

Kwanza tujue muziki wetu. Toka siku za Docteur Nico, na za Franco na OK Jazz iliyoanza mwaka 1956, gita la Kongo linapigwa kwa sauti safi. Solo, mi-solo, akompanyema na besi, kila moja lina njia yake, na msikilizaji anazisikia zote nne. Basi ampli yenye kukwaruza sauti kama rok ya Ulaya haitufai sana. Tena tukumbuke Mwenda Jean Bosco. Wakati Hugh Tracey alipomrekodi kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, alikuwa na gita la mbao na vidole vyake tu. Ampli haifundishi vidole.

Sasa ile ya dijitali. Ndani yake mna programu inayoiga ampli za zamani, hata zile za lampe. Lakini haiigi ampli peke yake, inaiga na bafle yake vilevile. Hapa wengi wanapotea. Bafle ya gita haitoi sauti zote: zile nyembamba sana za juu inaziacha, na sikio letu limezoea hivyo. Ukipitisha sauti iliyokwisha kuigwa bafle ndani ya bafle ya gita ya kweli, ni sawa kuchuja chai mara mbili: sauti inatoka nzito, kama mtu anasema ndani ya mtungi. Kwa hiyo chagua moja. Ao unazima ule mwigo wa bafle na kutumia bafle ya gita, ao unauacha na kutumia bafle ya sauti zote, ile ya waimbaji, yenye oparleri kubwa ya chini na ndogo ya juu.

Neno la pili ni wati. Wati nyingi hazifanyi kelele kwa kipimo kilekile. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Basi ampli ya wati 200 haipigi mara nne kupita ya wati 50. Inapita kwa desibeli 6 tu, pungufu ya mara mbili. Lakini bafle inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, pahali pa ile inayotoa 97, inakupa faida sawa na kuzidisha wati mara mbili, bila tone moja la esanse zaidi katika grupu. Na sisi wote tunajua bei ya esanse.

Tatu, besi. Kamba nene ya gita inatetemeka mara 82 kwa sekunde, ya besi mara 41. Sauti ya chini hivi inasukuma karatasi ya oparleri mbali sana. Tukiweka besi katika bafle ndogo ya gita, siku moja karatasi itapasuka katikati ya wimbo. Si kwamba ninatetea chombo changu, wandugu!

Nne, tazameni nyuma ya bafle, mahali pameandikwa omu. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Kama ampli imeandikwa isishuke chini ya 8, itapata moto na kuungua.

Shauri langu ni hili: tununue ampli ndogo moja ya dijitali kwa ajili ya solo na mi-solo, yenye tundu la kupeleka sauti kwa mikseri. Kisha sehemu kubwa ya feza iende kwa bafle mbili nzuri za sauti zote, oparleri ya inchi 12 ao 15. Bafle hizo zitasaidia gita, waimbaji na hata mahubiri. Besi itapita humo humo, bila kuzidisha. Tusisahau stabilizatere, sababu umeme unaopanda na kushuka unaua vyombo vya dijitali upesi.

Siku ya kujaribu kabla ya kulipa, wanaopiga wasiwe waamuzi. Mtu mmoja wa korali na mwalimu mmoja wasimame mlangoni, nyuma kabisa. Kama wanasikia gita nne na hawasikii maneno ya wimbo, turudishe chombo kwa mwenye duka, hata kama taa zake zinametameta.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho